Dalali wa Bima Aliyebobea kwenye Malori: Tathmini ya Huduma Yake na Namna ya Kumpima

Mwenye malori ana njia nne za kukata bima: kwenda moja kwa moja kwenye kampuni ya bima, kumtumia wakala wa kampuni moja, kumtumia dalali wa jumla anayeuza bima za kila aina, au kumtafuta dalali aliyebobea kwenye usafirishaji wa mizigo. Tathmini hii inamhusu huyo wa nne. Kwa yeyote anayebeba mizigo ya watu kwa malipo, hata kama ana lori moja tu, tunamweka juu ya wengine wote. Sharti ni kwamba awe amebobea kweli, maana maneno "mtaalamu wa malori" hayamgharimu mtu chochote kuyaandika kwenye bango lake.

Wakala na dalali huchanganywa sana. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Dalali anafanya kazi kwa niaba yako, na kwa kawaida ana wajibu wa kisheria wa kukutafutia bima inayolingana na hatari za biashara yako. Akizembea ukapata hasara, unaweza kumdai yeye, na ndiyo sababu dalali makini huwa na bima yake mwenyewe ya makosa ya kitaalamu. Mwombe cheti cha bima hiyo pamoja na namba ya leseni, kisha ihakiki leseni kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia bima, siyo kwenye nakala aliyokupa yeye.

Maswali yanayotangulia bei

Kama una nafasi ya kutumia kipimo kimoja tu, sikiliza maswali anayokuuliza kabla hajataja bei. Dalali anayetaka namba ya gari, mwaka wa kutengenezwa na thamani yake, halafu ndani ya nusu saa anakutumia bei, amekufanyia hesabu ya gari dogo. Anayeyajua malori atataka kujua unabeba nini na thamani ya shehena kubwa kabisa unayoweza kupakia kwa safari moja (kubwa kabisa, siyo wastani). Ataulizia njia unazopita, mipaka unayovuka, mahali gari linapolala usiku, daraja la leseni ya kila dereva na miaka aliyoendesha magari ya uzito huo. Ataulizia trela ni la nani. Ataomba kumbukumbu za madai za miaka mitatu hadi mitano, tena zilizotolewa na kampuni za bima zenyewe, si zile ulizoandika wewe kwa kukumbuka. Na ataomba kuiona mikataba uliyosaini na wenye mizigo.

Ombi hilo la mwisho huwatenganisha haraka wajuzi na wengine. Bima ya dhamana ya msafirishaji, yaani ile inayokulinda unapowajibika kwa mwenye mzigo, kwa kawaida hulipa kile ambacho sheria inakubebesha. Mkataba uliosaini kwa haraka ili upate kazi unaweza kukubebesha zaidi ya hapo: thamani yote ya shehena bila ukomo, faini ya kuchelewa kufikisha, au hasara ya soko la mteja. Ziada hiyo iko nje ya bima mpaka iongezwe kwa maandishi. Dalali ambaye hajauona mkataba wako hawezi kujua shimo lina ukubwa gani.

Jambo lingine linaloharibu madai mengi ni neno moja kwenye hati ya bima: matumizi. Lori lililoandikwa kuwa linabeba mizigo ya mwenyewe halafu likakutwa kwenye ajali na shehena ya mtu mwingine kwa malipo linaipa kampuni sababu nyepesi ya kukataa. Ada ya matumizi ya kulipwa ni kubwa zaidi, kwa hiyo muuzaji anayetaka kukuvutia kwa bei huandika lile la kwanza na kunyamaza. Soma mstari huo kabla ya kusoma kiasi cha kulipa.

Bima inasimama juu ya msingi wa kuaminiana kwa ukamilifu. Uingereza iliuandika msingi huo kwenye sheria yake ya bima za baharini ya mwaka 1906, na nchi nyingi zilizorithi mfumo wake wa sheria bado zinaufuata. Kwa mtindo wa zamani, kuficha jambo la maana kuliweza kuufuta mkataba mzima. Sheria mpya ya huko ya mwaka 2015 ililegeza adhabu hiyo, lakini usifanye biashara kwa kutegemea huruma hiyo. Angalia sheria inayotawala hati yako. Dalali mzuri hukaa na wewe mkajaza fomu swali kwa swali, kisha anakuachia nakala yenye sahihi. Anayekwambia "saini tu hapa chini, mengine nitajaza ofisini" mwache hapohapo. Majibu atakayoyabuni yatahesabiwa kuwa ni yako.

Gari, trela na kile kinachobaki nje

Kwenye bima kubwa ya gari lenyewe, dalali wa jumla na aliyebobea wanaweza kukuletea hati zinazofanana kwa macho. Tofauti iko kwenye viambatisho, yaani maandishi ya nyongeza yanayopanua au kupunguza bima. Trela ni mfano mzuri. Likiwa limeungwa kwenye kichwa cha lori, hati nyingi hulihesabu kuwa sehemu ya gari kwa madai ya watu wengine. Likifunguliwa na kuachwa yadi, huenda halina bima yoyote isipokuwa limeorodheshwa lenyewe kwa namba na thamani yake. Trela la kukodi, au la kubadilishana na msafirishaji mwingine, linahitaji kiambatisho cha matrela yasiyo yako. Pale kichwa kina bima kampuni hii na trela kampuni ile, ajali moja huzaa mabishano ya nani alipe mtu wa tatu, huku gari likikaa kituo cha polisi miezi. Dalali aliyebobea huyaweka yote mawili chini ya kampuni moja, au anapata maandishi ya kampuni zote mbili yanayosema nani anatangulia kulipa.

Tipa lina lake. Linapinduka zaidi likiwa limesimama, bodi iko juu, mzigo umeganda upande mmoja au ardhi imelegea chini ya matairi ya nyuma. Baadhi ya hati huhesabu wakati huo kuwa gari linafanya kazi kama mtambo, na hivyo huliondoa kwenye bima ya barabarani. Muulize dalali moja kwa moja: "Likipinduka wakati linamwaga, nalipwa?" Jibu lake lioneshe kipengele kwa namba. Swali hilohilo muulize kwa lori lenye kreni, kwa tanka linalomwaga mafuta au kemikali barabarani (gharama za kusafisha mazingira mara nyingi hupita thamani ya tanka), na kwa kontena lililoanguka kwa sababu loki hazikufungwa.

Halafu kuna thamani. Lori lenye thamani halisi ya milioni 100 limeandikwa milioni 60 ili ada ipungue. Likipata uharibifu wa milioni 20, kampuni inayotumia kanuni ya uwiano haitalipa 20. Italipa 12, yaani asilimia 60, na hapo bado haijatoa kile kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kwenye kila dai. Thamani hiyo ijumuishe vilivyofungwa juu ya gari: mashine ya baridi, kreni, tangi la ziada, bodi maalumu. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, dalali alinganishe thamani ya bima na salio la benki, kwa sababu gari likiharibika kabisa benki hulipwa kwanza na pengo lililobaki ni deni lako.

Mzigo ndio unaompima

Hapa ndipo tunapoona fedha nyingi zikipotea, na hapa ndipo dalali aliyebobea anapostahili kamisheni yake. Kuna bima mbili ambazo watu huzitaja kama moja. Bima ya mizigo safarini inaulinda mzigo wenyewe, bila kujali nani ana kosa. Bima ya dhamana ya msafirishaji inakulinda wewe pale ambapo kisheria unawajibika kwa mwenye mzigo. Wasafirishaji wengi hujibu "mteja ana bima yake" wakidhani wako salama. Kampuni ya bima ya mteja ikishamlipa mteja, inachukua haki zake na kukugeukia wewe uirudishie. Bima ya mteja haikulindi ila kama kampuni yake imeandika kwamba inaacha haki hiyo dhidi yako.

Tena bima ya mteja yenyewe inaweza kuwa nyembamba. Masharti ya kimataifa ya bima za shehena yana madaraja matatu: A, B na C. Daraja A linalipa hasara zote isipokuwa zilizotajwa kuwa zimeondolewa. B na C yanalipa zile tu zilizotajwa. Kupinduka kwa gari kumo, wizi haumo. Mteja mwenye daraja C aliyeibiwa shehena hana pa kwenda isipokuwa mlangoni kwako. Dalali anayejua kazi atakuuliza wateja wako wakubwa wanatumia daraja gani.

Kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa na mkataba wa CMR, wa usafirishaji wa mizigo kwa barabara, uliosainiwa Geneva mwaka 1956, dhamana ya msafirishaji ina ukomo wa uniti 8.33 za SDR kwa kila kilo ya mzigo uliopotea au kuharibika. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Tani 5 za simu za mkononi zina ukomo wa SDR 41,650, kiasi ambacho kinaweza kuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Lakini ukomo huo huondoka kukiwa na kosa la makusudi au lile ambalo sheria inalihesabu kuwa sawa nalo, na muda wa kufungua shauri hupanda kutoka mwaka mmoja hadi miaka mitatu. Mpe dalali swali hili: "Safari zangu ziko chini ya sheria ipi ya dhamana, na ukomo ni kiasi gani kwa kilo?" Si lazima ajibu papo hapo. Ila akirudi na jibu lisilo na jina la sheria wala tarakimu, huyo si mbobezi.

Kipengele kinachoua madai ya wizi kuliko vingine ni kile kinachokataza gari kuachwa bila mtu. Chukua hali ya kawaida kabisa. Dereva ameegesha pembeni ya barabara saa nne usiku, amefunga milango, ametoka na funguo, ameenda kula mita 50 kutoka kwenye gari. Anarudi anakuta turubai limechanwa na maboksi 40 hayapo. Hati moja inalipa kwa sababu milango ilifungwa na king'ora kilikuwa kimewashwa. Ya pili inakataa kwa sababu inataka eneo lenye uzio na mlinzi kila gari linapoachwa usiku. Ya tatu inataka mtu mmoja abaki ndani ya gari muda wote, na lori halina utingo. Hati zote tatu zinaweza kuwa na bei zinazokaribiana. Dalali mwenye uzoefu hujadili maneno haya na kampuni kabla hujalipa: anaorodhesha maegesho ambayo madereva wako huyatumia kweli, anaomba muda mfupi wa chakula na choo uruhusiwe, na anakupa sentensi mbili tatu za kumfundishia dereva. Usikubali sharti ambalo unajua madereva hawatalitimiza. Ni afadhali ulipe ada kubwa kidogo.

Kwa mizigo ya baridi, uliza kama kuharibika kwa mashine ya ubaridi kumo, maana mara nyingi hakumo mpaka kuongezwe. Baadhi ya masharti ya vyakula vilivyogandishwa hutaka mashine iwe imesimama saa 24 mfululizo, muda ambao hauwasaidii wenye safari fupi. Pia utatakiwa kuonesha rekodi za huduma ya mashine na za joto la safari nzima. Kosa la dereva kuweka nyuzi 8 badala ya 2 si kuharibika kwa mashine, na hati nyingine hutenganisha mambo hayo mawili bila kukuonya.

Siku ya dai

Kabla ya kusaini, omba kujua nani hasa atashughulikia madai yako na namba gani inapokelewa saa nane usiku. Dalali ambaye mtu wake wa madai ndiye huyohuyo muuzaji hana kitengo cha madai. Muombe akueleze dai la lori lililowahi kukataliwa, bila kutaja mteja: lilikataliwa kwa kipengele kipi, na yeye alifanya nini. Asiye na hata moja la kueleza hajakaa kwenye kazi hii muda wa kutosha.

Huduma nzuri inaonekana kwenye karatasi moja inayokaa ndani ya kila gari. Inamwambia dereva apige picha za magari yote yakiwa hayajasogezwa, za matairi, alama za breki barabarani, lakiri ya kontena na namba zake. Asikiri kosa kwa maneno wala kwa maandishi. Apate taarifa ya polisi. Amzuie fundi kugusa chochote kabla ya mkadiria hasara, yule anayekagua uharibifu kwa ajili ya dai, kufika. Na awahi kuulinda mzigo uliobaki, kwa sababu wajibu wa kupunguza hasara ni wako hata kama ajali si kosa lako. Gharama za kunyanyua lori, kulivuta na kuhamishia mzigo kwenye gari jingine huwa na ukomo wake ndani ya hati, na ukomo huo mara nyingi umeachwa mdogo kama wa gari dogo. Kunyanyua kichwa na trela lenye tani 25 kwenye korongo kunaweza kuhitaji kreni mbili. Mwambie dalali aandike kiasi kinachotosha kazi hiyo.

Fedha na soko

Dalali hulipwa kamisheni na kampuni ya bima kutoka kwenye ada yako, na wengine huongeza ada ya huduma. Hakuna ubaya, ilimradi akutajie vyote viwili kwa maandishi. Ada ilipwe kwenye akaunti ya kampuni ya bima au kwenye akaunti ya fedha za wateja, kamwe isilipwe kwa mtu binafsi, na baada ya kulipa ipigie simu kampuni yenyewe uthibitishe kwamba kila namba ya gari imeingia. Vyeti bandia na ada zilizokaliwa na mtu wa kati hugundulika siku ya ajali.

Usiwatume madalali watatu kuzunguka soko kwa pamoja. Kampuni za bima zinazokubali malori ya kulipwa huwa chache. Zikipokea maombi ya msafirishaji mmoja kutoka kwa watu watatu, tena yenye tarakimu zisizolingana, hutoa bei moja kwa wote au hukaa pembeni kabisa. Wahoji madalali wawili au watatu, chagua mmoja, mpe barua ya uteuzi, yaani inayoziambia kampuni za bima kwamba huyo ndiye dalali wako. Ukitaka kuwashindanisha, wagawie kampuni kwa majina. Kazi ianze siku 60 hadi 90 kabla ya bima kuisha, na akuoneshe faili atakalopeleka sokoni: orodha ya magari, madereva, kumbukumbu za madai zenye maelezo ya kila ajali kubwa na hatua zilizochukuliwa baada yake. Faili la namna hiyo huwapa wanaopanga ada kwenye kampuni za bima sababu ya kuishusha. Ombi la kurasa mbili huwapa sababu ya kuongeza.

Kasoro zake

Dalali aliyebobea ana udhaifu wake. Baadhi huwaweka wateja wote kwenye mpango mmoja wa kampuni moja waliyokubaliana nayo, na msafirishaji mwenye rekodi safi anajikuta akibeba mzigo wa wenye ajali nyingi. Uliza ni kampuni ngapi zimeombwa bei, na uone majibu yao, pamoja na ya waliokataa. Wengine huwapenda wenye magari 50 na kumwacha mwenye mawili akisubiri cheti siku tatu wakati mwenye mzigo anakitaka leo kabla ya kupakia; omba ahadi ya muda kwa maandishi. Na kwa mwenye lori moja anayebeba mazao yake mwenyewe, asiyeziacha njia zake zilezile na asiye na mkataba na mtu, kampuni ya bima ya moja kwa moja inatosha.

Ukiamua kuhama dalali katikati ya mwaka, bima yenyewe haifutwi. Kinachobadilika ni msimamizi. Barua ya uteuzi iende kwa kampuni ya bima ikiwa na tarehe ya kuanza, na itamke wazi kama madai yaliyokwisha funguliwa yanabaki kwa dalali wa zamani au yanahamia kwa mpya. Chukua faili lako lote kabla barua haijatoka: fomu ulizojaza, barua pepe za majadiliano na ripoti za wakadiria hasara. Baada ya hapo yule wa zamani hana haraka tena ya kukujibu.